Mtandao Umegoma? Kagua Waifai Yako kwa Simu Kabla ya Kuongeza Kifurushi

Tuchukue mfano ambao mkazi wa Mjambere hatahitaji kuelezwa mara mbili. Ni tarehe 28 Juni. Siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA ni tarehe 30, na foleni ya saiba imefika hadi kwenye baraza ya jirani. Yupo mzee anayetaka ritani ya sufuri, yupo kijana anayeomba cheti cha maadili mema kupitia eCitizen, yupo mama anayetaka kuchapisha fomu ya shule ya mtoto. Kompyuta 6 zimewashwa, lakini ukurasa wa kwanza haufunguki.

Mwenye saiba anaizima rauta na kuiwasha tena. Mtandao unakubali kwa dakika tano, kisha unarudi kulekule. Mteja wa kwanza anaondoka, kisha wa pili. Kampuni ya intaneti inamwambia kwa simu kwamba laini yake ni nzima, labda aongeze kifurushi. Fundi aliyeitwa anasema rauta imekufa, inunuliwe nyingine. Jirani naye anasema ni vijana wa ploti ya nyuma, wanaiba waifai.

Hayo ni majibu matatu, na kila moja lina gharama yake. La kwanza litamla pesa kila mwezi, la pili litamla pesa leo, na la tatu litavunja ujirani. Kabla ya kulifuata lolote kati ya hayo, mwenye saiba anaweza kutafuta jibu lake mwenyewe kwa simu iliyo mfukoni mwake. Somo la toleo hili linaeleza jinsi ya kufanya hivyo, hatua kwa hatua. Linawafaa wenye saiba, maduka, madrasa, vituo vya afya vya mitaani, na kila nyumba yenye rauta.

UNACHOHITAJI

Unahitaji simu ya kisasa, ya Android au iPhone, iliyounganishwa kwenye waifai yako mwenyewe. Zima data ya laini ya simu wakati wa kupima, la sivyo utapima mtandao wa laini ukidhani unapima waifai.

Unahitaji pia programu ya kukagua mitandao. Zipo nyingi. Zinazojulikana zaidi ni Fing na WiFiman, na zote mbili zina huduma za msingi za bure. Zipakue kutoka Google Play au App Store pekee. Usikubali faili la programu unalotumiwa kwenye WhatsApp.

Programu hizi zitakuomba ruhusa ya kujua mahali ulipo. Usishtuke. Android huzitaka programu ziwe na ruhusa hiyo kabla ya kuona jina la waifai, kwa sababu waifai zilizo karibu zinaweza kufichua mahali mtu alipo. Kwenye iPhone utaombwa pia ruhusa ya kuona vifaa vya mtandao wa ndani. Ruhusa hizo mbili zatosha. Programu ya kukagua mtandao haina haja na ujumbe wako mfupi, majina ya watu unaowasiliana nao, wala namba ya siri ya M-Pesa. Ikiziomba, ifute.

SAFARI YA UJUMBE INA VIPANDE VITATU

Mtu anayeijua njia huharakisha kupata kosa. Ukifungua ukurasa wowote, ombi lako hupita vipande vitatu vya safari.

Kipande cha kwanza ni kutoka simu au kompyuta yako hadi rauta. Hapa ni ndani ya nyumba yako, na kosa likiwa hapa ni lako kulirekebisha.

Kipande cha pili ni kutoka rauta hadi kampuni inayokuuzia intaneti, kupitia waya wa faiba au mnara. Kosa likiwa hapa, kampuni ndiyo inayopaswa kulishughulikia.

Kipande cha tatu ni kutoka kampuni hadi ulimwenguni, kwenye seva ya huduma unayoitaka, iwe iko Nairobi, Ulaya au Marekani. Kosa likiwa hapa, wewe na kampuni yako huenda nyote mnasubiri.

Kazi yote ya kukagua ni kujibu swali moja: kosa liko kipande gani?

HATUA YA KWANZA: HESABU KABLA YA KUSKANI

Kabla ya kufungua programu, chukua karatasi uandike vifaa vyote unavyojua vimeunganishwa kwenye rauta yako. Hatua hii watu wengi huiruka, kisha wakiona orodha ndefu kwenye skrini wanaingiwa na hofu.

Mwenye saiba wetu aliandika kompyuta 6, printa 1 na simu 2. Jumla ni vifaa 9, na rauta yenyewe ni cha 10.

HATUA YA PILI: SKANI MTANDAO

Fungua programu na ubonyeze sehemu ya kuskani. Simu itaziita anwani zote za mtandao wako, moja baada ya nyingine, na kuandika kila iliyoitika.

Kila kifaa kina anwani ya IP. Katika mitandao ya nyumbani, anwani hizi mara nyingi huanza na 192.168. Rauta kwa kawaida huwa na anwani kama 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.100.1. Hiyo ndiyo tunayoiita anwani ya lango, kwa sababu kila kitu hupitia hapo. Iandike kwenye karatasi yako. Utaihitaji.

Skani ya mwenye saiba ilionyesha vifaa 17. Yeye alijua 10 tu. Je, wale 7 ni wezi?

Hapa ndipo subira inapohitajika. Programu hukisia aina ya kifaa kwa kutazama jina kinachojitangazia, huduma kinazotoa, na pengine namba ya kiwandani ambayo kila kifaa cha mtandao huwa nayo. Makisio hayo huweza kukosea. Simu nyingi za kisasa huzizuia programu kuisoma namba hiyo ya vifaa vingine. Isitoshe, tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujibunia namba ya bandia kwa kila waifai ili kulinda faragha ya mwenyewe. Kwa hiyo simu yako ikiisahau waifai na kuunganishwa upya, huenda ikaorodheshwa kama kifaa kigeni kabisa.

Njia salama ya kutambua ni ya kizamani: zima kifaa kimoja, skani tena, uone ni jina gani limetoweka. Kisha lipe jina lake halisi kwenye programu ili kesho usihangaike.

Mwenye saiba alifanya hivyo. Katika vifaa 7 vigeni, kimoja kilikuwa runinga ya nyumbani nyuma ya duka. Kimoja kilikuwa simu ya duka la M-Pesa, ambayo aliisahau. Kimoja kilikuwa simu yake mwenyewe, iliyoorodheshwa mara mbili. Viwili vilikuwa simu za kinyozi wa mlango wa pili, ambaye yeye mwenyewe alimpa neno la siri wakati wa Ramadhani. Kimoja kilikuwa mashine ya kurekodi kamera za usalama. Kikabaki kimoja tu asichokijua. Vijana wa ploti, ambao mtaa mzima ulishawahukumu, hawakuwa na hatia ya vifaa saba.

HATUA YA TATU: PIGA PINGI TATU

Orodha ya vifaa inakuonyesha nani yupo. Haikuonyeshi kosa liko wapi. Kwa hilo tunatumia kipimo kiitwacho pingi.

Pingi ni kama kubisha hodi na kuhesabu muda hadi uitikiwe. Simu hutuma ujumbe mdogo, na kifaa cha upande wa pili huurudisha. Muda huhesabiwa kwa milisekunde. Elfu moja kati yake hufanya sekunde moja. Kipimo hiki kiliandikwa na mhandisi Mmarekani, Mike Muuss, mwezi Desemba 1983, naye alikipa jina la ule mlio wa sauti ambao manowari hutumia kutafuta vitu chini ya maji. Hadi leo mafundi wa mitandao duniani kote huanzia hapo.

Piga pingi tatu kwa mpangilio huu, kila moja kwa angalau nusu dakika.

Pingi ya kwanza iende kwa anwani ya lango, yaani rauta yako. Ukiwa karibu na rauta, jibu zuri ni chini ya milisekunde 10. Likiwa mamia, au baadhi ya hodi zisipoitikiwa, kosa liko kipande cha kwanza: mawimbi hafifu, kuta, msongamano wa chaneli, au rauta yenyewe.

Pingi ya pili iende kwa 8.8.8.8, anwani ya huduma ya Google inayoitika karibu kila wakati. Unaweza pia kutumia 1.1.1.1 ya Cloudflare. Ikiwa lango linaitika vizuri lakini hii haiitiki, tazama kipande cha pili. Anza kwa kuhakikisha kifurushi hakijaisha muda.

Pingi ya tatu iende kwa jina badala ya namba, kwa mfano google.com. Ikiwa namba inaitika lakini jina halijulikani, basi intaneti yako ni nzima na kilichoharibika ni kitabu cha simu cha intaneti, kiitwacho DNS, ambacho hugeuza majina kuwa namba. Ingia kwenye mipangilio ya waifai ya simu au ya rauta, uandike 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwenye nafasi ya DNS, ujaribu tena. Hitilafu hii huwafanya watu wengi waamini intaneti imekatika kumbe iko.

Tahadhari mbili. Kwanza, baadhi ya tovuti, hasa za benki na za serikali, zimewekwa makusudi zisiitike pingi. Ukimya wao peke yake si dalili ya hitilafu. Pili, umbali una muda wake. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 huongeza karibu milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Seva iliyo Nairobi inaweza kuitika kwa muda mfupi sana. Iliyo London mara nyingi huzidi milisekunde 100 hata kama kila kitu ni kizima. Ndiyo sababu mwaka 2000 Kenya ilianzisha kituo cha KIXP, ambapo kampuni za intaneti hukutana na kubadilishana mawasiliano ya ndani ya nchi bila kuyapeleka kwanza ng'ambo.

Mwenye saiba alipata hivi: lango, milisekunde 4. Anwani ya 8.8.8.8, milisekunde 600, na katika kila hodi 10, mbili hazikuitikiwa. Rauta, basi, haikuwa imekufa. Inaitika haraka kuliko kope. Akahifadhi pesa za rauta mpya.

HATUA YA NNE: PIMA KASI, KUSHUSHA NA KUPANDISHA

Programu hizi zina kipimo cha kasi. Hapa kuna jambo linalowakanganya wateja wengi. Kampuni huuza kasi kwa megabiti, lakini ukubwa wa mafaili huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde kitashusha megabaiti 1.25 kwa sekunde. Faili la megabaiti 100 litachukua kama sekunde 80. Hujaibiwa, ni vipimo viwili tofauti.

Jambo la pili ni kwamba kasi ni mbili: ya kushusha na ya kupandisha. Katika vifurushi vingi ya kupandisha ni ndogo zaidi, na watu hawaitazami. Lakini hata ukishusha ukurasa, kompyuta yako hulazimika kupandisha ujumbe mdogo wa kuthibitisha kwamba umepokea. Njia ya kupandisha ikijaa, kushusha nako kunakwama.

Kifurushi cha saiba yetu kilikuwa megabiti 10 za kushusha na 2 za kupandisha. Kipimo kilionyesha 8 za kushusha zikipanda na kushuka ovyo, na za kupandisha 0.1. Kuna kitu ndani kilikuwa kikizila. Akaanza kuchomoa kifaa kimoja kimoja huku pingi ya 8.8.8.8 ikiendelea. Runinga: hakuna mabadiliko. Simu za kinyozi: hakuna. Alipoichomoa mashine ya kamera, pingi ilianguka kutoka 600 hadi 20.

Mwezi uliopita aliongeza kamera, zikawa 4, na fundi akaiwekea mashine mpangilio wa kutuma picha mfululizo kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kila kamera ilihitaji kama megabiti 1. Nne zinahitaji 4, na njia ilikuwa 2. Ndiyo maana rauta ikizimwa na kuwashwa mtandao ulikubali dakika chache, hadi mashine ilipojiunga tena na kuendelea kutuma.

Dawa haikuwa na gharama. Aliiweka mashine irekodi kwenye diski yake yenyewe, na picha za mtandaoni zitumwe tu anapofungua kuzitazama. Foleni ikaanza kusogea. Kampuni ilisema kweli kwamba laini ni nzima, lakini kifurushi kikubwa zaidi hakikuhitajika. Rauta haikuwa imekufa. Vijana hawakuwa wezi. Majibu yote matatu ya asubuhi yalikuwa na walakini.

KUTA, MABATI NA CHANELI

Ikiwa pingi ya lango ndiyo mbaya, tazama nguvu ya mawimbi kwenye programu. Huandikwa kwa namba hasi ziitwazo dBm. Kadiri inavyokaribia sufuri ndivyo ilivyo kali: -50 ni nzuri sana, -67 inatosha simu ya video, na ikifika -80 utaona mtandao lakini hautafanya kazi ya maana.

Tembea na simu chumba hadi chumba ukiandika namba hizo. Nyumba zetu za matofali ya matumbawe zina kuta nene, na mabati, friji na matangi ya maji huyazuia mawimbi. Rauta iliyofichwa ndani ya kabati ya runinga ni kama muadhini aliyefungiwa chumbani. Itoe, iweke juu, katikati ya nyumba, mbali na jiko la maikrowevu.

Katika ploti yenye vyumba vingi, tatizo jingine ni chaneli. Bendi ya 2.4 ina chaneli tatu tu ambazo haziingiliani: 1, 6 na 11. Rauta kumi zikikaa zote kwenye chaneli 6, ni kama matatu kumi zinazogombea stejini mahali pamoja. Simu za Android zinaweza kuonyesha chaneli za majirani. iPhone hairuhusu programu kufanya hivyo. Chagua iliyo na wachache. Kama rauta yako ina bendi ya 5, itumie kwa vifaa vilivyo chumba kimoja nayo. Ina kasi zaidi, ila huchoka haraka ikikutana na ukuta.

RAUTA MBILI ZIKIGOMBANA

Kuna hitilafu nyingine inayotokea sana mahali watu wanaposhiriki laini moja. Mtu huleta rauta yake ya zamani na kuichomeka ili kuongeza waifai. Sasa kuna rauta mbili, na kila moja inagawa anwani kama yenye nyumba. Dalili yake ni kwamba vifaa vingine vinapata intaneti na vingine havipati, na kesho inageuka.

Tazama anwani ya IP ya simu yako. Ikiwa simu yako ina 192.168.1.15 na ya mwenzako chumba cha pili ina 192.168.0.22, huenda mmeangukia rauta tofauti. Zima ugawaji wa anwani kwenye rauta ya pili, na waya utokao rauta kuu uuchomeke kwenye tundu la kawaida, si lile la intaneti. Ipe pia rauta hiyo anwani isiyogongana na ya rauta kuu.

Na ukiona kompyuta ina anwani inayoanza na 169.254, ujue haikupewa anwani na yeyote; imejibunia. Kagua waya, au iwashe rauta upya.

KOSA LIKIWA NJE

Kama una faiba, tazama kisanduku kilichopokea waya. Taa iliyoandikwa LOS ikimetameta nyekundu, mwanga haufiki. Waya umekatika au umekunjika mahali. Usiufungue wala kuuchungulia waya huo, kwa kuwa mwanga wake hauonekani lakini unaweza kudhuru macho. Piga simu kwa kampuni.

Wakati mwingine kosa liko mbali zaidi. Mombasa ndiyo mlango ambao nyaya za chini ya bahari huingilia Kenya: TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy tangu 2010, na nyingine zilizofuata. Februari 2012, nanga ya meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini Mombasa iliukata waya wa TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu kwenye nyaya za EASSy na SEACOM ilipunguza kasi ya intaneti Kenya, Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, lango lako litaitika vizuri na laini hadi kampuni itakuwa nzima, lakini huduma za ng'ambo zitakawia. Hakuna rauta mpya itakayoponya hilo. Uliza jirani aliye na kampuni nyingine kabla ya kutumia pesa.

Ukibaini kosa ni la kampuni, lalamika ukiwa na ushahidi. Piga picha za skrini zenye pingi tatu na kipimo cha kasi, asubuhi, mchana na jioni, kwa siku mbili au tatu. Ipe kampuni kwanza nafasi ya kurekebisha na udai namba ya malalamiko. Usiporidhika, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja. Kanuni za Kulinda Watumiaji za mwaka 2010 zinakupa haki ya kusikilizwa.

FUNGA MLANGO

Rudi kwenye kile kifaa kimoja ambacho hakikutambulika. Usigombane na mtu. Badilisha neno la siri la waifai, kisha uwape upya wale tu unaowataka. Asiyestahili atabaki nje bila maneno. Tumia ulinzi wa WPA2 au WPA3, zima WPS, na uwafungulie wateja waifai ya wageni iliyotengwa na kompyuta zenye nyaraka za watu.

Badilisha pia neno la siri la kuingilia rauta na la mashine ya kamera. Ya mwenye saiba ilikuwa bado na lile la kiwandani. Mwaka 2016, programu hasidi iitwayo Mirai ilivamia mamia ya maelfu ya kamera na rauta duniani kwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani tu, na tarehe 21 Oktoba ikatumika kuiangusha kampuni ya Dyn, hata tovuti kubwa kama Twitter zikapotea kwa saa kadhaa.

MIPAKA YA SHERIA

Skani mtandao ulio wako, au ule ambao mwenyewe amekupa ruhusa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inamtia hatiani anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kujua neno la siri la jirani si idhini ya kuchungulia kamera yake. Vijana wanaojifunza ufundi huu na wajizoeze kwenye rauta za nyumbani kwao.

ZOEZI LA WIKI HII

1. Andika orodha ya vifaa vyako, kisha skani. Linganisha, na kila kifaa ukipe jina.
2. Piga pingi ya lango, ya 8.8.8.8 na ya google.com wakati mtandao ni mzima. Hifadhi namba hizo. Siku ukigoma, utakuwa na cha kulinganishia.
3. Pima kasi saa moja asubuhi na saa mbili usiku. Andika kushusha na kupandisha.
4. Tembea vyumba vyote ukiandika nguvu ya mawimbi. Hamisha rauta ukiona haja.
5. Badilisha maneno ya siri ya kiwandani, leo hii.

Zoezi lote halizidi saa moja, na halihitaji fundi. Bandika ile karatasi ukutani karibu na rauta, ili mtandao ukigoma tarehe 28 Juni ijayo, mtu wa kwanza kujua kosa liko wapi awe ni wewe.